Kifaa Kidogo cha Kutobolea Chuma kwenye Mashine ya Kukereza

Msomaji na amfikirie koplo mmoja wa karakana ya magari kambini. Jioni, kazi za siku zikiwa zimekwisha, mkewe anamletea kijiti cha chuma kutoka kwenye cherehani ambayo ndiyo inayolipa ada ya watoto. Kijiti kimekatika. Kipya chaweza kukerezwa, lakini hapana budi kitobolewe katikati ya ncha yake tundu la milimita 1.5, lenye kina cha milimita 12. Kukereza kunamchukua dakika chache tu. Kutoboa ndiko kunakomtia hasara: biti ya kwanza inavunjika, na ya pili inavunjikia ndani ya tundu na kubaki humo, hata kipande chote hakifai tena. Nyumbani, sare za shule zilizokwisha kukatwa zimelala juu ya meza zikingoja kushonwa.

Kosa si la mkono wa koplo, wala biti hazikuwa mbovu. Kosa li katika namna biti inavyosukumwa. Kwenye mashine ya kukereza, kazi ndiyo inayozunguka, imeshikwa na taya za kibanio cha mbele; biti haizunguki, bali hushikwa na kichwa cha nyuma, yaani kile kipande kizito kinachotelezeshwa juu ya kitanda cha mashine na kukazwa mahali pake. Fundi akizungusha gurudumu la mkono, skrubu iliyomo ndani huisukuma biti mbele. Skrubu hiyo yafaa sana kwa biti nene. Lakini ikiwa mzunguko mmoja wa gurudumu husogeza biti milimita 4, basi robo ya mzunguko, ambayo mkono hauihesabu hata kuwa ni mwendo, imekwisha kuisukuma milimita nzima. Biti nyembamba hukwama, hupinda na kukatika, na mkono haupati habari mpaka sikio lisikie mlio.

Dawa yake ni kuiondoa skrubu kati ya mkono na biti. Kifaa cha kufanyia hivyo hutengenezwa na fundi mwenyewe, na sehemu zake kubwa ni mbili tu: fimbo iliyonyooka, na ala inayoteleza juu yake kama ala ya kisu. Fimbo hushikwa na kichwa cha nyuma, haiendi mbele wala nyuma. Mbele ya ala hufungwa kibanio kidogo chenye biti. Fundi huishika ala kwa vidole na kuisukuma polepole, na kila ugumu unaoipata biti huufikia mkono wake papo hapo.

Fimbo nzuri ni ile iliyosuguliwa kiwandani, yenye unene wa milimita 8 hadi 12. Fimbo za namna hiyo hupatikana ndani ya mashine za kuchapia za kompyuta zilizochakaa. Ni ile ambayo kichwa cha wino hukimbia juu yake. (Za ofisini zisiguswe mpaka ziwe zimefutwa kwenye daftari la mali, mkaguzi hana mzaha.) Kibanio kidogo chaweza kutolewa kwenye keekee ya mkono iliyokufa, nazo hazikosekani kwa wauza vyuma chakavu, kuanzia Katwe ya Kampala hadi miji midogo.

Ala yenyewe ikerezwe kutoka kwenye chuma laini au shaba, unene milimita 25, urefu kama milimita 70. Unene wa fimbo upimwe kwanza, maana tundu ndilo litakaloifuata fimbo. Ikiwa fimbo ni ya milimita 10, tundu litobolewe kwa biti ya milimita 9.8, kina cha milimita 50, kisha limaliziwe kwa rima, yaani biti maalumu ya kusawazishia tundu. Asiye na rima atumie kisu cha kupanulia tundu, akijaribu fimbo mara kwa mara. Ala iteleze bila kusukumwa kwa nguvu, wala isitikisike.

Hapo pana hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha kifaa chema na kifaa cha kuvunjia biti. Pua ya mbele, ambayo kibanio kitafungwa, ni lazima iwe na mstari mmoja na tundu la nyuma. Fundi asiigeuze ala na kuibana tu kwenye taya, kwa kuwa taya zilizotumika sana hazishiki katikati. Na akereze kwanza kijiti kingine papo hapo mashineni, hadi unene unaoingia tundu la ala kwa kubana, na bila kukitoa kijiti hicho aivike ala juu yake. Ndipo akereze pua na kuikata hesi. Vibanio vingi vidogo huhitaji hesi ya inchi 3/8 yenye meno 24 kwa kila inchi, lakini chake akipime.

Kwa kuwa tundu la ala halikutoka upande wa pili, hewa hunaswa humo, na ala hukataa kwenda kama pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo. Kitundu cha milimita 2 ubavuni, karibu na mwisho wa tundu kubwa, huipa hewa njia.

Wakati wa kutoboa, ncha ya kazi ianzwe kwa biti fupi nene ya kutia alama ya katikati, kisha biti nyembamba ifuate. Kwa tundu la milimita 1.5 katika chuma laini, mashine yapasa kuzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Mashine nyingi za zamani hazifikii kasi hiyo, basi iwekwe kasi yake ya juu na mkono uwe mwepesi zaidi. Biti itiwe mafuta, na itolewe nje kila baada ya milimita moja au mbili ili chembe za chuma zisiizibe. Kina huonekana kwa alama zilizochorwa juu ya fimbo kila milimita 5.

Ala ishikwe kwa vidole tu, ili biti ikikwama izunguke mkononi badala ya kuvunjika. Kwa sababu hiyo uso wake uwe laini, usio na mpini wala skrubu iliyochomoza. Glovu zivuliwe, mikono ya shati ikunjwe, miwani ivaliwe. Biti inayozidi milimita 3 irudishwe kwenye skrubu ya kichwa cha nyuma. Nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa kwa vidole.

Kazi hii yote humalizika kwa jioni mbili, na mkuu wa karakana aombwe ruhusa kwanza, maana mashine ni ya serikali. Jioni ya tatu koplo ataweza kukereza kijiti kipya, aguse biti ya milimita 1.5 kwenye ncha yake, na kuhisi chuma kikikatika kidogo kidogo mpaka alama ya 10, na zaidi yake milimita mbili.