Kuta Zetu Zimejaa Picha, Ila Si Zetu

Juzi, kwenye baraza moja hapa Chake Chake, vijana walikuja na wazo lao. Walitaka kipupwe hiki, karafuu zikiwa majamvini, wawapige picha watu wa mitaani kwao, wazichape kubwa na kuzitundika nje, njiani, kila apitaye azione bila kiingilio. Bwana mmoja msomi, kalamu mbili mfukoni, akakohoa kidogo kisha akatoa fatwa: picha za sanaa huwekwa ndani, zikatazamwa na wanaojua, mwananchi wa kawaida wa Pemba hana haja nazo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilipaliwa na chai.

Hana haja nazo! Yakhe, hebu inuka hapo barazani uende kutoka Chake hadi Wete, kisha uniambie umepita mtaa gani usio na picha ukutani. Kampeni za 2025 zimekwenda zao, mabango yamebaki. Liko moja limepigiliwa msumari kwenye mwembe. Jua limelila rangi mpaka mgombea amekuwa samawati, zimesalia kofia na meno. Lilipotundikwa, hakuna aliyeuliza kama mwananchi wa kawaida atalielewa. Kampuni za simu nazo zimetuwekea kijana asiyejulikana na mtu, anacheka na simu sikioni kama vile kwao mtandao haukatiki. Huyo tunatazamana naye mwaka mzima. Picha za nje, basi, tunazo tele. Tusizokuwa nazo ni zetu wenyewe.

Msomi wetu aliongeza sababu nyingine, na hii ndiyo iliyonimaliza: mvua. Ati picha zitalowa. Ya Rabi! Kisiwa kinachoanika utajiri wake wote nje, wingu likitanda watu wakakimbizana na majamvi, leo kinafundishwa kuogopa manyunyu ya kipupwe? Mwaka 2009, Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha za nyuso na macho ya wanawake wa hapohapo, mita za mraba 2,000 hivi. Alizichapa kwenye turubai lisilopitisha maji, ili mvua ikinyesha picha iwe na kazi ya pili ya kuwasitiri wenye nyumba. Macho mengine aliyabandika kwenye mabehewa ya treni, na pua na midomo akaiweka kwenye mabati kando ya reli. Treni ikipita, uso unakamilika, kisha unaondoka. Mwaka huohuo mpiga picha Mkenya, Boniface Mwangi, na wenzake walianzisha Picha Mtaani, wakazisimamisha barabarani picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, wapita njia wakayatazama yaliyowapata. Hakuna aliyeombwa cheti cha kuelewa sanaa.

Akaja mwingine na la haya: wanawake wataona haya. Waulizwe wao, basi. Asiyetaka hapigwi, yamekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sura za watu wa pwani hii zimehifadhiwa, ila mbali. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Evanston, Illinois, kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960. Wazee wetu wanakaa kwenye theluji ya Marekani, na sisi tunaambiwa manyunyu yatatuharibia karatasi. Hata Unguja mjini, ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, picha za zamani leo wanaozinunua ni watalii. Pemba yenyewe ikipigwa picha, inapigwa bahari ya Misali, au kile chumba cha hoteli kilichozamishwa majini. Samaki wetu wana picha nyingi kuliko sisi. Mtu hayumo, akiwemo, yuko mbali kule anapiga kasia.

Pahala pekee panapotakiwa sura ya Mpemba ni kwenye kitambulisho. Usicheke, vua miwani, kaa wima, na foleni ni mpaka adhuhuri. Ukija kukipokea, unajitazama kama mtu anayetafutwa na polisi.

Mimi namtaka ukutani yule mama anayechambua karafuu usiku kwa mwanga wa taa, makonyo huku, karafuu huku, vidole havingoji macho. Namtaka mchumaji aliyejifunga kamba juu ya mkarafuu, na mvuvi wa Kojani akishona wavu. Tena wakubwa, kama wanavyowekwa wakubwa. Mashine zilizochapa nyuso za wagombea zipo, na tangu uchaguzi uishe hazina kazi. Kijana mmoja kati ya wale keshakwenda kuuliza bei ya turubai. Aliyotajiwa ni ndogo kuliko posho za kikao kimoja cha kujadili kama mwananchi ana haja nazo.