Spika ya Kusema

Wengi mwaniuliza juu ya vyombo vya sinema ya nyumbani, vile ambavyo madukani huitwa homu thieta. Karibu wote mwataka kujua ni kipi kinachopiga kwa nguvu. Leo nitawajibu kwa habari ya baba yangu.

Mwaka juzi, tulipouza mpunga, sisi ndugu tulichanga fedha tukanunua sabufa kubwa. Ikipigwa, mabati yalitetemeka, na watoto wa jirani walikuja kucheza uani. Lakini baba, ambaye hakosi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akaanza kuchukua kigoda chake na kukaa nje. Tulidhani amechukizwa na kelele. Miezi ikapita, ndipo alipomwambia mama, "Ngoma naisikia. Maneno siyasikii." Naona haya kusema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mapema.

Jambo lenyewe ni hili. Sabufa hutoa sauti nene, na maana ya maneno haikai huko. Sauti za t, k na s, zinazotenganisha "pata" na "paka" na "pasa", ni nyembamba, za mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde moja. Kwa hiyo seti kamili huwa na spika tano pamoja na sabufa, na ile ya katikati, inayolazwa chini ya televisheni, ndiyo hupewa sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu. Wazo hili si jipya. Mwaka 1933 wataalamu wa Bell, watu wa simu wa Marekani, walipeleka muziki kwa waya kutoka Philadelphia hadi Washington kwa njia tatu: kushoto, katikati na kulia.

Basi nikaenda Mwanza mjini. Katika duka moja karibu na Makoroboi kijana alinifungulia muziki mpaka meza ikatikisika. Nikamwomba anitafutie mtu anayesoma habari, tena kwa sauti ndogo. Alinitazama kama mgonjwa. Kisha nikaketi pembeni, maana nyumbani kwetu kiti cha katikati ni cha wageni. Spika nyingi za katikati zina koni mbili ubavu kwa ubavu, na kwa aliye pembeni sauti ya koni moja hutangulia ya pili kidogo, zikadhoofishana. Ya kwanza ilififia hivyo hasa. Ya pili, isiyo nzuri sana kwa sura, ilisema vile vile popote nilipokaa. Nikaichukua.

Yafaa pia iwe ya kiwanda kimoja na zile za kushoto na kulia, ama sivyo mtu akipita katika picha sauti yake hubadilika. Someni na omu zilizoandikwa nyuma, 4 au 8, zikubaliane na amplifaya. Kama chombo chenu hakina tundu la spika ya katikati, msinunue. Fundi atakayeiunga pamoja na ya kushoto aweza kuwaunguzia amplifaya. Afadhali mzee apewe kile kiti cha wageni, kwa kuwa spika mbili husikika kama zasema katikati kwa yule tu aliyekaa katikati.

Mke wangu aliisukuma mpaka ndani ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma. Ikasema kama mtu aliye ndani ya mtungi! Tukaivuta mpaka ukingoni, tukaweka kibao chini ya mbele yake ili uso uelekee masikio. Kitambaa kikapewa redio ya zamani.

Lakini spika haiponyi masikio. Baba tulimpeleka kwanza hospitali, akatolewa nta nyingi sikio la kulia. La kushoto limechoka kwa uzee. Kigoda chake sasa kiko upande unaofaa sikio lile zima. Huingia saa mbili kasoro dakika tano, na anayezungumza wakati wa habari hutolewa nje yeye.