Baada ya Garissa nilimhoji rafiki yangu, baada ya Shakahola hakunihoji

Jumatano ya Majivu mwaka 2025 iliangukia wiki ya kwanza ya Ramadhani. Nilirudi Bodo kutoka misani na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, njaa inauma, nimebebwa na rafiki yangu wa boda ambaye naye alikuwa amefunga. Karibu na pale watu wanapopandia boti za Funzi, mama karanga mmoja akanitazama akacheka. "Mwanangu, leo hukunawa uso?" Rafiki yangu akanijibia: "Naye amefunga, mama. Kwao mwezi umeanza leo."

Kama wewe ni wa bara, labda ushaanza kusema hiyo ndiyo Pwani, watu wanaishi poa. Subiri kwanza.

Babu yangu alikuja huku kukata miwa ya kiwanda cha Ramisi, kabla hakijafungwa miaka ya 1980, akabaki. Majirani zetu ni Wadigo, Waislamu. Nimekula futari zao, muhogo wa nazi, kaimati, uji, tangu sijui hata kwa nini wao wanaenda msikitini na sisi kanisani. Kwa hivyo nikikwambia nilimkosea huyu rafiki yangu, usidhani nilikuwa mgeni nisiyewajua.

Aprili 2, 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kesho yake, Ijumaa Kuu, nilimkuta rafiki yangu amekaa barazani kwao nikamuuliza: "Sasa nyinyi mnasemaje?"

Nyinyi! Kijana wa miaka 16 ambaye hata Malindi alikuwa hajafika. Akaniambia wale si Waislamu. Nikamjibu, mbona kila mara mnasema hivyo hivyo. Akanyamaza. Pasaka ile hakuja kwetu kula chapati, na mwaka uliofuata pia hakuja. Mamangu aliniuliza kuna nini, nikasema sijui. Nilijua vizuri sana.

Desemba mwaka huo huo, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kwa hilo sikumwendea rafiki yangu kumuuliza "nyinyi mnasemaje". Je, wewe ulimuuliza nani?

Halafu ikaja Aprili 2023. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, niko tu nyumbani. Wiki ile ile ya Idd wakaanza kufukua makaburi Shakahola, Kilifi, Pwani yetu hii hii. Ilipatikana miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Tukasikia kwamba waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wakutane na Yesu. Yesu huyu huyu ninayemwomba mimi, na neno ni hilo hilo la Kwaresima, kufunga.

Nikatayarisha majibu yangu. Sisi Wakatoliki hatuhusiki na kanisa lile. Yule ana mafundisho yake. Wale si Wakristo. Hapo nikajisikia vibaya, maana sentensi hiyo nilishaisikia barazani.

Rafiki yangu akaja na sahani ya pilau ya Idd. Nikangoja swali. Akauliza: "Kule Shakahola huna mtu wako?" Nikasema sina. "Alhamdulillahi," akasema, akaketi, tukala.

Najua utaniambia mambo haya mawili hayafanani: kule watu walilengwa kwa sababu ya dini yao, huku muumini alijiua njaa mwenyewe. Sawa, ingawa watoto wa Shakahola hawakuchagua kitu. Lakini mimi sizungumzii wauaji. Nazungumzia jirani, na swali tunalomtupia asubuhi baada ya maafa. Mmoja anaulizwa mnasemaje, mwingine anaulizwa kama yuko salama. Sisi Wakristo wa Kenya tumezoea sana kuwa huyo wa pili.

Na sisemi dini zote ni sawa, hiyo ni lugha ya warsha. Rafiki yangu anaamini nimepotea kuhusu Yesu, mimi naamini yeye ndiye amepotea, na tumebishana mpaka betri ya simu ikaisha. Ni yeye aliyeniambia kuwa sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam. Mimi ninayeshika rozari sikuwa najua. Nilipoenda kutafuta, nikakuta Kanisa langu lilishaandika mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate, kwamba linawaheshimu Waislamu na kwamba nao wanamheshimu Bikira Maria. Miaka yote ya katekisimu sikukumbuka hata mtu mmoja akinitajia.

Siku ile ya majivu, kabla sijashuka kwenye boda, nilimwambia: ile Ijumaa Kuu ya Garissa nilikukosea. Nilidhani amesahau.

"Nilikuwa na hasira na wewe miaka miwili," akasema. Kisha akaniuliza kama Pasaka mamangu atapika chapati, maana kufikia hapo mfungo wake utakuwa umeisha.