Musa Jukwaani
Kuna mahubiri niliyoyasikia tangu utotoni, na hadi leo yananiuma: kwamba waumini wa kale waliilinda imani kwa kuvipa kisogo vitabu vya Wayunani. Tanzia, tunaambiwa, ilikuwa ibada ya miungu, na mcha Mungu hakuigusa. Shahidi wa siku zote ni Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Carthage, aliyehoji Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu.

Si kweli. Yapata karne ya 2 KK, Myahudi aliyeitwa Ezekieli, si yule nabii, alitunga kwa Kiyunani tanzia ya Waisraeli kutoka Misri. Imebaki mistari 269. Musa anaufungua mchezo kwa kusimulia habari zake mwenyewe, kama wafanyavyo wahusika wa Euripides, mtunzi wa tanzia wa Kiyunani. Anaota ameketishwa kwenye kiti cha enzi mlimani Sinai, na mkwewe anamfumbulia ndoto. Kisha Bahari ya Shamu. Angeipasuaje jukwaani? Hakujaribu. Alimleta askari wa Misri aliyenusurika aeleze jinsi jeshi lilivyoangamia. Mtunzi mwingine wa Kiyunani, Aeschylus, alitangulia kufanya hivyo mwaka 472 KK, alipoiweka habari ya Waajemi kushindwa baharini kinywani mwa mjumbe wao wenyewe. Hebu fikiri: wokovu mkuu wa Israeli unasimuliwa na adui aliyefiwa na wenzake! Anayeliita hilo doa katika imani hajakaa akamsikiliza askari yule.

Filo wa Iskanderia, mfafanuzi mkubwa wa Torati, anasema wazi kwamba alikuwepo watazamaji walipoinuka kwa shangwe kusikia maneno ya Euripides kuhusu uhuru. Na Klementi, mwalimu Mkristo wa mji huohuo mwishoni mwa karne ya 2, alipotaka kuwaita Wayunani kwa Kristo, aliingia ndani kabisa ya tanzia ya Euripides kuhusu mungu Dionysos. Akamgeukia Teiresias, mwaguzi kipofu, akamsihi auache uaguzi, akampa mti wa msalaba auegemee, akamwahidi kuona. Mtu hamwiti kwa upole namna ile mhusika asiyempenda.

Tertuliani je? Hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa maonyesho yalifungamana kweli na miungu, naye aliandika kitabu kizima kuyapinga. Lakini tazama anagombana na nani: Wakristo wenzake, waliojitetea kwamba Maandiko hayakuyakataza popote. Wanaomfanya sauti ya Kanisa zima wanawafuta ndugu hao.

Na ile mistari ya Ezekieli, tumeipataje? Myunani, Alexander Polyhistor, aliinukuu katika kitabu chake kuhusu Wayahudi. Kitabu hicho kikapotea. Kabla hakijapotea, Eusebio, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alikuwa ameinakili mistari hiyo katika kazi yake ya kuitetea Injili.