Pikipiki ya bei nafuu: tuulize kwanza namna inavyosimama

Pikipiki mpya ikionekana mjini Lubumbashi, watu huuliza maswali matatu. Bei yake ni ngapi? Inakunywa esansi kiasi gani? Vipuri vyake vinapatikana wapi? Ni maswali ya busara, maana kwetu pikipiki si kitu cha kutembelea siku ya Yenga peke yake. Ndiyo inayoleta bukari mezani, na ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Lakini liko swali la nne ambalo wachache wanaliuliza: ikibidi kusimama ghafula, pikipiki hiyo inasimama namna gani?

Swali hilo limekuwa likinirudia tangu nilipoendesha pikipiki moja ambayo wengi wetu hatutaiona karibuni katika barabara zetu: Triumph Speed 400. Triumph ni jina la zamani la Uingereza, na nyingi kati ya pikipiki zake kubwa bei yake inapita dola 10,000. Speed 400 ni jambo lingine. Ilionyeshwa London mwezi wa sita mwaka 2023, na tarehe 5 mwezi wa saba ikatangazwa India kwa bei ya rupia 233,000, yaani karibu dola 2,800 za wakati ule. Huko Uingereza kwenyewe iliwekewa bei ya pauni 4,995. Ndiyo pikipiki ambayo watu wa biashara hiyo wanaiita ya kati na ya bei nafuu: injini ya sentimita za ujazo 398, silinda moja, nguvu ya farasi 40.

Mtu atauliza: hiyo inatuhusu nini sisi wa Kongo? Inatuhusu kwa sababu ya mtengenezaji. Speed 400 inatengenezwa na Bajaj Auto, katika kiwanda cha Chakan, karibu na mji wa Pune, nchini India. Ndiyo, Bajaj ile ile ya Boxer, pikipiki ambayo manseba wa Lubumbashi, wewa wa Kinshasa na motari wa Goma wanaijua kuliko wanavyojua viatu vyao. Triumph na Bajaj walitia sahihi mapatano yao mwezi wa kwanza mwaka 2020. Waingereza wanaleta michoro na jina, Wahindi wanaleta kiwanda na ujuzi wa kutengeneza pikipiki nyingi kwa gharama ndogo. Harley-Davidson ya Marekani nayo ilipita njia hiyo: X440 yake, iliyotengenezwa pamoja na Hero MotoCorp, ilizinduliwa India wiki ile ile ya mwezi wa saba 2023.

Niliiendesha kwa muda mfupi Johannesburg, Afrika Kusini, ambako inauzwa. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba haiogopeshi. Kiti kiko milimita 790 kutoka chini, na mtu wa kimo cha kawaida anaweka miguu yote miwili kwenye lami. Mkono wa klachi ni mwepesi. Injini haingoji uiamshe kwa kelele: inavuta tangu chini, na vitesi sita vinaingia kimoja kimoja bila kusukumana navyo. Mtu aliyezoea 125 au 150 atahitaji dakika chache za kuheshimu mkono wa gesi, kisha atajisikia nyumbani.

Jambo la pili ndilo lililobaki kichwani mwangu. Mahali palipokuwa na mchanga mdogo juu ya lami, nikiwa katika mwendo wa polepole, nilibana freni ya mbele kwa nguvu kwa makusudi. Hapa kwetu mtu hafanyi hivyo, maana tunajua kinachofuata: gurudumu la mbele linajifunga, pikipiki inalala, na wewe chini yake. Safari hii mkono wa freni ulitetemeka kidogo katika vidole vyangu, pikipiki ikapunguza mwendo na kusimama ikiwa imenyooka. Ndiyo kazi ya ABS: kompyuta ndogo inapima mzunguko wa gurudumu, na gurudumu likitaka kujifunga, inalegeza freni na kuikaza tena mara nyingi ndani ya sekunde moja. Speed 400 inayo mbele na nyuma, na magurudumu yote mawili yana freni za diski.

Siandiki haya kumshauri mtu aagize Speed 400. Kwa kazi yetu haifai, na aliyekaa nyuma ya manseba hata mara moja anajua kwa nini. Kiti cha nyuma ni cha mtu mmoja mwembamba asiye na mzigo. Hapa pikipiki inabeba mama, mtoto mgongoni na gunia la unga. Injini yake inapozwa kwa maji, kwa hiyo ina radieta inayokaa mbele ikingoja jiwe. Magurudumu yake ya inchi 17 yalikusudiwa lami, si mashimo ya mitaa yetu wakati wa mvua. Na umeme wake ukipata hitilafu, fundi wa chini ya mti pale barabarani, hata awe hodari namna gani, hana mashine ya kuusoma.

Kwa upande huo Boxer inastahili heshima yake yote. Injini inapozwa kwa upepo, vipuri viko katika kila mtaa, na kijana wa miaka kumi na nane anaweza kuifungua na kuifunga tena kabla ya jua kuzama. Ni pikipiki iliyoajiri watu wengi ambao serikali haikuwaajiri. Hoja yangu ni nyingine.

India, nyumbani kwa Bajaj, iliweka sheria. Tangu mwezi wa nne mwaka 2018 kwa pikipiki za aina mpya, na tangu mwezi wa nne mwaka 2019 kwa zote mpya, yenye injini inayopita sentimita za ujazo 125 haiuzwi bila ABS. Zile za 125 kushuka chini zinadaiwa angalau freni zilizounganishwa: ukikanyaga moja, ya pili nayo inafanya kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilidai ABS kwa pikipiki mpya zinazopita 125, kuanzia 2016 na 2017.

Sasa tazama Boxer BM 150, ile ya kawaida inayotubeba. Injini yake ni karibu sentimita 145. Freni zake ni za ngoma, mbele na nyuma, bila ABS. Maana yake ni rahisi: pikipiki ambayo kwetu ni chombo cha kubeba watu kutwa nzima, ikiwa katika hali hiyo hiyo, haiwezi kuandikishwa mpya katika nchi inakotengenezwa. Mtengenezaji hakuvunja sheria yoyote ya Kongo. Anauza kile ambacho nchi inakubali, na sisi tumekubali bila kuuliza.

Ndiyo maana neno «bei nafuu» linanisumbua. Nafuu kwa nani? Katika miji yetu, manseba wengi si wenye pikipiki. Mwenye pikipiki ni mtu mwingine: mfanyakazi wa serikali, mchuuzi, afisa, wakati mwingine mwandishi wa habari. Yeye ndiye anayekwenda dukani, ndiye anayechagua, na kila jioni au kila wiki anangoja versement yake. Hapandi pikipiki hiyo. Kwa hiyo anachotazama ni esansi, vipuri na uimara wa chuma, na akiokoa dola mia katika ununuzi, ni faida yake. Anayekaa mbele hakuchagua freni. Anayekaa nyuma, ambaye amelipa franka zake ili afike sokoni au kazini, hakuulizwa kabisa. Siku gari likikata barabara mbele yao, hao wawili ndio wanaolipa zile dola mia, na wanalipa kwa mifupa.

Hesabu za dunia ziko wazi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayofanyia makampuni ya bima uchunguzi wa usalama, ililinganisha pikipiki zenye ABS na zile zile zisizokuwa nayo, ikakuta zenye ABS zina ajali za kuua pungufu kwa asilimia 22. Hakuna mganga wala semina itakayopunguza vifo kwa kiasi hicho kwa kubadilisha chombo kimoja tu.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: ABS ni ghali na barabara zetu ni za vumbi, na juu ya vumbi au changarawe ABS inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Lubumbashi ina lami, Kolwezi ina lami, na barabara kuu kati ya miji hiyo inapitiwa na malori ya madini usiku na mchana. Huko ndiko mwendo ulipo, na mwendo ndio unaoua. Tena sidai ABS kwa kila pikipiki kuanzia kesho. Diski moja ya mbele na freni zilizounganishwa si kompyuta. Ni chuma, mafuta ya freni na waya, vitu ambavyo fundi wetu anaviweza.

Jibu la pili: tatizo ni manseba wenyewe, wanaobeba watu watatu, hawana permi, wanapita kushoto na kulia kama maji. Wako hivyo, hatutaficha. Lakini makosa ya dereva si sababu ya kumpa freni dhaifu. Ni sababu ya kumpa zilizo bora. Tunamdai kijana avae kaske, na tunafanya vizuri, maana kaske inaokoa kichwa. Mbona hatumdai aliyemkodishia pikipiki chochote?

Jibu la tatu ndilo zito: bei ikipanda, maskini hatanunua. Hapo turudi kwenye lile nililojifunza kwa Speed 400. Kabla ya 2023, nani aliamini kwamba jina kama Triumph lingeuzwa chini ya dola 3,000 likiwa na ABS, diski mbili na kifaa cha kuzuia gurudumu la nyuma kuteleza? Bei ilishuka kwa sababu soko la India ni kubwa na sheria yake inamlazimu kila mtengenezaji, kwa hiyo vifaa vya usalama vinatengenezwa kwa mamilioni. Usalama ukiwa wa lazima kwa wote, unakuwa rahisi kwa wote. Ukiachwa kuwa hiari, unabaki anasa ya tajiri.

Kongo si soko dogo la kupuuzwa. Pikipiki zinaingia kila siku, kwa Katanga zaidi kupitia Kasumbalesa. Pale mpakani tunayo ofisi ya OCC, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba bidhaa zinazoingia zinafuata kanuni. Tunayo CNPR, tume ya taifa ya kuzuia ajali za barabarani. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa kanuni: pikipiki mpya inayoingia kwa ajili ya kubeba abiria iwe angalau na diski mbele na freni zilizounganishwa. Serikali itoe muda wa miaka miwili ili wauzaji wamalize mali yao, kisha kanuni ifuatwe. Na kama serikali inataka watu waelewe kwamba hii si njia mpya ya kuwachuna, ipunguze ushuru wa forodha kwa pikipiki zinazotimiza sharti hilo, ili tofauti ya bei isimwangukie kijana wa versement.

Huku tukingoja hayo, kila mmoja anaweza kuanza. Wewe mwenye makuta unayetaka kununua pikipiki ya kuzungusha mjini, ukifika dukani ongeza swali moja juu ya yale matatu. Muulize muuzaji kama modeli hiyo ina aina yenye diski ya mbele. Akisema iko lakini watu hawaiulizi, ujue kwamba umegusa kidonda chenyewe. Nanyi viongozi wa vyama vya motari, mnapokaa na wenye pikipiki kujadili kiasi cha versement, wekeni freni katika mapatano: nani anabadilisha viatu vya freni vikiisha, na baada ya muda gani. Mara nyingi kila upande unangojea mwenzake, na chuma kinasaga chuma.

Speed 400 ni pikipiki nzuri, na anayeishi penye lami na vipuri hatajuta kuinunua. Sisi wa huku haituhitaji tuiige. Imetuonyesha tu kwamba kiwanda kinachotuuzia Boxer kinajua kutengeneza pikipiki inayosimama vizuri kwa bei isiyotisha. Kinafanya hivyo kwa wale waliodai. Zamu ya kudai ni yetu.