Kigoda bila mwenyewe



Juma hili siongei juu ya uji wa watoto wala juu ya akiba za kikundi. Nataka tuongee juu ya michoro ya msichana mmoja anayekaa kwangu. Ni mtoto wa dada yangu, anasoma chuo hapa Butembo, na mwaka huu masomo yanamdai atengeneze mfululizo wa picha kwa njia ya simu na kompyuta, kisha aeleze mbele ya walimu kwa nini alichagua hivi na si vile. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe ameniomba, na mkisoma mtajua sababu.

Kusema kweli, miezi ya kwanza nilimgombeza sana. Usiku wa saa nne ninamkuta ameinamia simu, kidole kinasugua kioo, betri ya sola inaisha, na kesho yake tunaamka bila taa. Nilifikiri ni mambo ya wavulana. Siku moja nikamnyang'anya simu nione anaandikiana na nani. Nikakuta kigoda.

Kigoda tu, cha jikoni, cha miguu minne, mbao zimeng'aa kwa kukaliwa. Juu yake kuna kikwembe kilichokunjwa vizuri. Nyuma mlango uko wazi, na kupitia mlangoni unaona shamba la kakao, matunda ya manjano yamekomaa kwenye miti. Hakuna mtu. Nilikaa chini palepale. Kigoda kile nilijua ni cha nani: ni cha wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyetoka asubuhi kwenda kuvuna kakao upande wa Beni na hakurudi.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu zina kigoda cha namna hiyo. Sitaeleza zaidi, mnajua.

Nilimwuliza kama alichora hivyo tangu mwanzo. Akasema, "Hapana, mama mdogo. Ngoja nikuonyeshe." Programu hizi za kuchorea zinajenga mchoro kwa matabaka, kama karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga ambazo umepanga moja juu ya nyingine. Mlango una tabaka lake, shamba lake, kikwembe chake. Pembeni kuna alama ndogo ya jicho. Ukiigusa, jicho linafumba na tabaka linafichika, lakini halifutiki. Akagusa jicho moja lililokuwa limefumba. Wifi yangu akatokea, amelala mlangoni, vilevile alivyokuwa katika ile picha.

Ile picha. Hapa lazima niseme jambo ambalo linaniletea haya. Picha ya wifi yangu iliingia katika kundi letu la WhatsApp kabla kaka yangu hajajua kwamba amekuwa mjane. Aliyeituma hakuwa mtu mbaya, chini yake aliandika "poleni". Mimi nami nilikuwa nimeshatuma picha kama hizo mara nyingi, za watu wa wengine, nikaandika "tuombe", kisha nikaenda kugeuza bugali. Sikuwahi kujiuliza ni nani huko Oicha au Mbau anayefungua simu yake wakati huo na kutambua shati.

Mtoto huyu alikuwa ameinakili picha ile mstari kwa mstari, na damu aliichora vizuri sana, kasema. Halafu akawaonyesha wanafunzi wenzake wawili. Wakaangalia kitambo kidogo, mmoja akamwomba amtumie. "Hapo ndipo nilipofumba jicho, mama mdogo. Yenye damu waliomba niwatumie. Ya kigoda, wa kwanza niliyemwonyesha aliniuliza: huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Tangu siku hiyo sikumgombeza tena, ila juu ya betri.

Picha yake ya pili ni ya soko la Kilokwa kule Beni. Hiyo ina watu wengi na rangi nyingi: mawese mekundu katika chupa, sombe iliyofungwa mafungu, magunia ya makala, chukudu inayopita katikati na mwenye kuisukuma anapiga kelele (kelele huisikii, lakini mdomo umeuona). Nilipenda kila kitu isipokuwa kimoja. Wanawake wote hawakuwa na nyuso. Vichwa vipo, vilemba vipo, lakini mahali pa macho na pua pamebaki laini kama yai.

Tuligombana kidogo. Yeye alisema kwamba uso wa mtu si mali ya mchoraji, kwamba siku hizi picha ikitoka simuni haijulikani itafika kwa nani, na kwamba mwanamke asiye na uso anaweza kuwa mama wa kila mtu. Sababu mbili za kwanza nazikubali kabisa, na ndiyo maana jina lake halipo hapa. Ya tatu naikataa. Mama asiye na uso si mama wa kila mtu. Ndivyo watu wa mbali walivyozoea kutuona: kundi la vitambaa barabarani, na chini yake maandishi "wakimbizi wa Kivu".

Nikamweleza habari za Pamela Tulizo, dada mpiga picha wa Goma aliyeanzia katika uandishi wa habari. Mwaka 2019 alitengeneza picha alizoziita Double Identité, yaani utambulisho wa namna mbili. Mwanamke amekaa mbele ya kioo, na yule anayeonekana ndani ya kioo siye yule aliyekaa. Upande mmoja ni mwanamke wa Kivu kama habari za dunia zinavyomsema, mwenye kuteswa basi. Upande mwingine ni mwanamke anavyojijua mwenyewe. Mwaka uliofuata picha hizo zilimpatia tuzo ya wapiga picha vijana inayotolewa na nyumba ya Dior ya Ufaransa. Mnaona kwamba hakuficha sura. Aliziweka mbili, akamwachia mtazamaji kazi ya kuamua ipi ni ya kweli.

Msichana wangu hakujibu kitu, ndiyo tabia yake. Baada ya siku tatu nikaona soko limebadilika. Wote bado hawana nyuso, isipokuwa mmoja, muuza nyanya wa pembeni, ambaye amekunja uso kwa sababu mnunuzi anataka kupunguziwa bei mara ya nne. Hakumnakili mtu yeyote, kasema, uso ule ameubuni. Lakini wanawake wanne wa kikundi chetu wameapa kwamba ni wao.

Ya tatu ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Tuna foto moja ya koko, mama yangu, alipokuwa msichana. Alipigwa studioni, amesimama wima, ameshika mkoba aliouazima kwa mpiga picha kwa sababu wa kwake hakuwa nao. Mtoto aliipiga foto hiyo kwa simu, akamkata koko pembeni yote kwa uangalifu, hata vidole, akamsimamisha kando ya barabara ya Butembo kwenda Beni kama ilivyo leo, na malori, na pikipiki, na vumbi. Ni kilometa hamsini na kitu tu, lakini kila mmoja wetu amewahi kuzihesabu kwa moyo.

Njia hii ya kuunganisha wakati wa zamani na wa sasa hakuivumbua yeye, na mwenyewe anasema wazi aliipata wapi. Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978, alianza kwa kuchora katuni. Aliazima kamera ili apate picha za kumsaidia kuchora, na kamera ikamshika asiiache. Katika mfululizo alioutoa mwaka 2006 na kuuita Mémoire, alichukua picha za enzi ya Wabelgiji, za wafanyakazi wa migodi na mabwana wao, akawakata watu hao kwa kompyuta na kuwasimamisha mbele ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Watu wamebaki katika weusi na weupe wao, viwanda vina rangi ya kutu. Aliyejenga utajiri ule anasimama mbele ya mabaki yake na kukutazama. Yeye na wenzake ndio walioanzisha mwaka 2008 maonyesho makubwa ya Lubumbashi kwa jina Picha, neno letu hili hili la kila siku.

Basi swali likawa: koko abaki bila rangi kama watu wa Baloji, au apakwe? Siku hizi kuna programu inayopaka rangi foto ya zamani yenyewe, kwa sekunde chache. Mtoto akaijaribu. Kikwembe cha koko kikatoka rangi ya kahawia, kizuri kabisa. Tukampelekea koko aone. Akacheka mpaka akakohoa. "Hiki kilikuwa kijani, na maua meupe. Nilikilipia kwa maharagwe ya msimu mzima, nitasahau?" Mashini ilikuwa imebahatisha tu, lakini ilibahatisha bila kusita, na kama koko asingekuwa hai sisi tungeamini kahawia mpaka kufa kwetu. Mtoto akarudisha weusi na weupe. Kisha akapaka kitu kimoja, kikwembe, kijani cha koko, akikaa naye na kumwuliza: hivi? zaidi? punguza?

Kuna jambo jingine katika picha hiyo ambalo mimi nilidhani ni kosa. Kivuli cha koko kinaanguka upande mmoja, vivuli vya malori upande mwingine. Taa ya studio ilitoka kushoto, jua la barabarani linatoka kulia. Angeweza kugeuza, ni kazi ya dakika mbili, lakini ameacha hivyo makusudi. Walimu wakimkata alama kwa hilo yuko tayari kujibu.

Niingize hapa mambo mawili ya kazi, kwa mama ambao wana watoto wa namna hii. La kwanza: mchoro ukitumwa kwa WhatsApp kama foto ya kawaida unabanwa na kupoteza ubora, na mwenye kuchapisha atawaletea kitu chenye ukungu. Utumwe kama faili, kwa alama ile ya kutumia nyaraka. Tena kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, karatasi haitoi, kwa hiyo rangi za kwenye karatasi huwa zimezama kidogo. Kijani cha kakao kilitoka mara ya kwanza kama maji ya sombe, ikabidi akiwashe zaidi na kuchapisha kipande kidogo kwanza, cha majaribio, kabla ya kulipia karatasi kubwa. Programu zenyewe hazidai pesa. Kwenye simu anatumia ibisPaint, na kwenye kompyuta ya chuo Krita na GIMP, zote za bure. Hiyo GIMP ilianzishwa miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Marekani kama kazi yao ya masomo.

La pili ni letu sisi. Kikundi kimoja, nisikitaje kwa sababu nami nimo, kilimwomba mtoto huyu mchoro wa bango la tarehe 8 Machi. Akaufanya usiku tatu. Tukaubadilisha mara tano, tukaongeza jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa kuliko jina la sikukuu, na mwisho tukamwambia asante, Mungu akubariki. Fundi wa kushona sare tulimlipa. Mwenye kukodisha viti tulimlipa. Nimelisema hili katika mkutano na nimeitwa mchonganishi, basi naliandika pia.

Picha ya nne bado haijakamilika. Mimi nilimshauri achore mikono inayopanda mbegu, akasema mikono inayopanda mbegu iko kwenye kila bango kuanzia Goma mpaka Bunia. Ana haki.

Kabla ya kupeleka kazi kuchapisha alinijia na swali. Faili inayokwenda kwa mchapishaji inabanwa kuwa tabaka moja, yaliyofichwa yanabaki nyuma, hakuna atakayeyaona. Lakini katika simu yake, chini ya kigoda, wifi yangu bado amelala, jicho limefumba. Je, alifute tabaka lile kabisa? Nilimwambia sijui. Nilimwambia pia kwamba si mimi wa kuulizwa, bali mjomba wake, na kwamba amwonyeshe kwanza kigoda, yale mengine asiyafungue.

Kaka yangu alikuja Jumapili baada ya ibada. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu, akasogeza kikwembe kwa vidole ili kikue, akakirudisha. Hakuuliza kuna nini chini yake. Akasema tu, "Kigoda chake kilikuwa cha miguu mitatu."

Jioni ile ile akaketi kukichora upya.