Saa za Vita Zisiuzwe Bila Habari Zake

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wenye mali na nafasi ambao hukusanya saa za mkono zilizotolewa na majeshi, na baadhi yao huzipenda zaidi zile ambazo yasemekana zilivaliwa na wadunguaji, yaani walenga shabaha waliojificha vichakani wakangoja mchana kutwa kwa ajili ya risasi moja. Sina ugomvi na shauku yao. Lakini madhali vita vya kwanza vya dunia katika nchi yetu vilikaribia ukingoni baina ya Masasi, Newala na mto Ruvuma, tunayo haki ya kutoa rai juu ya vyombo hivyo, maana kilichobaki masandukuni mwa wazee au chini ya mikorosho yetu hakistahili kuondoka kwa bei ya mchuuzi apitaye.

Nyuma ya saa ya jeshi la Waingereza hupigwa alama ya mshale, dalili ya mali ya serikali, pamoja na nambari. Ziko saa za namna moja ambazo serikali hiyo iliagiza kwa viwanda 12 vya Uswisi, zikapokewa mwaka 1945, na wako wakusanyaji ambao hawatulii mpaka wazipate zote 12. Alama ile hutaja milki, wala haitaji mkono ulioivaa. Sifa ya udunguaji aghalabu huongezwa na muuzaji, na bei ikapanda pamoja nayo. Hati ikikosekana, awezaye kuishuhudia saa ni aliyeirithi, mtu ajuaye kwamba babu yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akavuka bahari mwaka 1944, katika vita vya pili vya dunia, kwenda kupigana Bama (Burma), na akarudi nayo, au kwamba iliokotwa mahali fulani, kando ya njia fulani. Akiiuza bila maneno hayo, ameuza chuma.

Na njia zenyewe ni za kutajwa. Oktoba 1917, huko Mahiwa, katika njia ya Lindi na Masasi, majeshi ya Waingereza na ya Wadachi, yaani Wajerumani, yalikabiliana siku nne, na Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wengi wao Wanigeria na Keya. Hata hivyo jemadari wa Wadachi, Lettow-Vorbeck, hakuwa na risasi za kutosha kusimama tena. Akapanda uwanda wa Makonde, akapita Chiwata na Nambindinga, ambako aliwaacha wagonjwa na majeruhi kwa mamia, kisha Kitangari na Newala, katika nchi ambayo maji yake huteremkiwa mabondeni, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma huko Ngomano. Mwenziwe, Tafel, aliyekuwa akija kutoka Mahenge kuungana naye, alichelewa kwa siku chache tu, na kwa njaa akajisalimisha si mbali na Newala mwezi ule ule. Atafutaye thamani ya wakati vitani na aitafute katika siku hizo chache.

Kinachonisikitisha ni kwamba heshima yote hupewa aliyelenga shabaha au aliyelengwa. Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, aliuawa na mlenga shabaha huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake lajulikana hata leo. Wapagazi je? Shehena ya Marie, meli ya Wadachi, iliyotia nanga Sudi mwezi Machi 1916, ilibebwa vichwani mwa watu. Chakula cha majeshi yote mawili kilibebwa vichwani mwa watu. Nao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na homa, pasipo saa mkononi, wakiamshwa na kulazwa kwa baragumu. Mkusanyo wowote utakaowekwa Masasi au Newala, ukianza na saa ya mdunguaji ukaisha na saa ya mdunguaji, utakuwa umedhulumu.

Sheria nayo imeacha mwanya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhifadhi moja kwa moja vitu vilivyoundwa nchini kabla ya mwaka 1863, ilhali saa ya vita iliundwa Ulaya, tena baadaye sana. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza vitu vingine kuwa vya kuhifadhiwa, nami naomba vifaa vya vita vya 1914 hadi 1918 vitangazwe hivyo. Halmashauri za Masasi na Newala zisingoje tangazo: na zifungue daftari, walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee, na kila kitu kiandikiwe kilikotoka na habari zake, hata kama kitabaki nyumbani kwa mwenyewe.

Sharti moja lisisahauliwe. Saa nyingi za zamani zilipakwa rediamu ili zisomeke gizani. Mng'ao wake hufa kwa miaka kadhaa, lakini sumu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kwa hiyo mwenye saa ya namna hiyo asiifungue, asiikwangue, wala asimwachie mtoto kuichezea.